Pua ya Wifi

Darasa la pili nililisoma mji mmoja, la nne mji mwingine, na la tatu mpaka leo hatujaonana. Lakini kujenga tanuri za mikate nilikujua sawasawa, na tanuri haimuulizi mtu cheti. Kwa hiyo nimezunguka. Nimeingia nyumba nyingi za mikate, nimewaona waokaji wa kila namna: wasafi, wachafu, wadokozi wa sukari, na mmoja aliyekanda unga huku jasho likimdondoka humo humo, ukimwambia anasema ndiyo chumvi yenyewe. Katika wote hao, ninayemvulia kofia ni mmoja tu.

Walimwita Bi Kikombe. Nilifika kwake kumjengea upya mdomo wa tanuri uliokuwa umepasuka, na asubuhi ya kwanza nikaona jina limetoka wapi. Pale karibu na dirisha kulikuwa na meza, juu yake trei za mayai, beseni kubwa, na kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Anachukua yai, analizungusha kiganjani akitafuta ufa, analivunjia kikombeni, analitazama, analipeleka chini ya pua. Likimridhisha, ndipo linamiminwa beseni­ni. Kisha lingine, vile vile, kama vile halijawahi kuwepo yai duniani kabla yake.

Kwingine nilikopita, watu huvunja mawili mawili, mkono huu na huu, moja kwa moja ndani ya beseni. Nikamtania. "Bi Kikombe, kwa mwendo huu mtoto atazaliwa, atabalehe, atafunga ndoa, keki bado."

"Na afunge," akanijibu bila kuinua macho. "Heri achelewe kula kuliko awahi kuhara. Wewe fundi, tofali moja bovu unalitoa peke yake. Yai moja bovu likishaingia humu, utalitoa na nini? Na kijiko?"

Nikarudi kwenye matofali yangu.

Si keki zilizomfanya aheshimike, ingawa zilikuwa tamu. Ni bakuli. Kila asubuhi alichanganya maziwa, mayai na sukari kidogo, akamimina kwenye vibakuli vya udongo na kuvipanga tanurini ndani ya sinia la maji mpaka vigande. Vibakuli hivyo vilikwenda wodi ya wazazi, barabara ya juu, kwa akina mama waliopasuliwa, walioishiwa damu, wale ambao kutafuna mkate kwao ni kazi ya kulima. Muuguzi mkuu wa wodi alivifuata mwenyewe na kitoroli chenye gurudumu linalolia. Ukisikia ule mlio unajua saa imefika, hata kama huna saa.

Sasa, kabla sijafika, Bi Kikombe alikuwa ameugua mafua makali. Alipona, akarudi kazini, mambo yakaendelea. Mimi ndiye niliyegundua kilichobaki nyuma, na niligundua kwa uzembe. Niliacha kitambaa changu chenye mafuta kwenye mdomo wa tanuri, kikaanza kuungua taratibu. Nikarudi mbio kutoka uani, kule harufu ilikonifuata, nikamkuta Bi Kikombe amesimama kando ya kile kitambaa anapepeta unga, anaimba, moshi umemzunguka kama mtu anayepungwa pepo.

Nikakipiga chini kwa mguu. "Bi Kikombe! Hukusikia harufu?"

"Harufu gani?"

Tukatazamana. Uso wake ukashuka.

"Tangu yale mafua?" nikauliza.

"Tangu yale mafua. Kitunguu sikisikii, vanila siisikii. Jana nimenusa mafuta ya taa kama mtu anayenusa maji." Akafuta mikono kwenye aproni. "Usimwambie mtu. Daktari anasema huenda itarudi. Kwa sasa ninatumia macho. Macho yangu bado makali."

Nilinyamaza, lakini tangu hapo nikawa namtazama. Alikuwa bado anakipeleka kikombe puani, kwa mazoea, mbele ya watu. Kilifika pale kikarudi bure.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja ya mawingu, dirisha limejaa mvuke, niliingia kuchukua ndoo yangu. Mimi pua yangu ni ya mtu aliyevuta tumbaku na moshi wa tanuri maisha yake yote. Kunusa kwangu ni kwa kubahatisha. Lakini nilipopita karibu na beseni, nilisimama. Nikainama. Nikainuka haraka.

"Bi Kikombe," nikasema, "humu mna mfu."

Aliacha kila kitu. Akaokota maganda, akayapeleka mlangoni kwenye mwanga, moja moja, mpaka akalipata: ganda lenye ufa mwembamba kama unywele, upande wa chini, ule unaolala kwenye trei. Ute wake, alisema, aliuona una ukungu kidogo, akadhani ni mvuke wa dirisha. Siku zote yai la namna hiyo alilikamata kwa pua kabla halijabadilika rangi.

Wanawake wawili waliomsaidia walikuwa wamesimama wanatazama. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tungelichota hapo lilipoangukia, kwani—"

"Lilipoangukia ni wapi?" Akaliinua beseni zima, mayai ya asubuhi yote, akaenda kuyamwaga shimoni nyuma ya ua na kuyafukia. Kisha akaliosha beseni kwa maji ya moto na sabuni, akaosha meza, akaosha mikono mpaka viwiko. Alipomaliza, kile kitoroli kilikuwa kinalia mlangoni.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Angeweza kusema tanuri ni mbovu. Mimi nilikuwepo, matofali yamezagaa, ningemsaidia kudanganya bila kuombwa. Alimtazama muuguzi usoni akasema:

"Leo hamna, dada. Nimeingiza yai lililooza kwenye beseni. Pua yangu haifanyi kazi, na nilikuwa nawaficha."

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Alikaa kwenye gunia la unga. "Umeyamwaga?"

"Yote."

"Vizuri. Mtu mwenye nguvu zake akila yai bovu, tumbo litamkata, atatapika, ataendesha, atapata homa, siku chache amesimama. Wangu hawana nguvu hizo. Mwanamke amemwaga damu jana, leo aanze kuharisha, maji yatakauka mwilini kabla sijapata mshipa wa kumtundikia dripu. Na ana kichanga kifuani."

"Lakini si vinaiva?" nikadakia, mimi mjuaji.

"Moto unaua vijidudu, mzee. Lakini viko vinavyoacha sumu, na sumu hiyo moto hauitoi. Ndiyo maana nataka yai zima, lililokaa mahali pa baridi, na liive pia. Vyote. Siyo uchague." Akamgeukia Bi Kikombe. "Yai lililooza, tena, lina adabu, linajitangaza. Ninaloliogopa zaidi ni lile lisilosema kitu."

Bi Kikombe aliinamisha kichwa, na kwa namna alivyokiinamisha nikajua neno hilo limemgusa mahali pengine kabisa.

"Wodi haiwezi kungoja sana," muuguzi akasema akisimama. "Tafuta pua. Ukiipata kesho, nakuja kesho. Ukiikosa wiki hii, itabidi nitafute jiko lingine, na sitaki."

Kitoroli kikaondoka kinalia, kitupu.

Tukaanza kuhesabu pua. Mmoja wa wale wasaidizi alikuwa anavuta ugoro, pua yake ilishafunga ofisi. Wa pili alikuwa mjamzito. Kila kitu kwake kilinuka, hata maji, hata mimi, na kuhusu mimi huenda alikuwa na haki. Tungempa kikombe, angemwaga trei nzima. Mwisho yule wa ugoro akasema, akiangalia pembeni:

"Mji huu una pua moja tu, mama. Na wewe unaijua."

Bi Kikombe akavua aproni. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Fundi," akaniambia, "nisindikize. Nikigeuka nirudi, nizuie."

Njiani ndipo aliponieleza. Pua ile ni ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mshona nguo wa mtaa wa pili. Mwanamke ambaye pua yake hupinda kona kabla yake. Ukimpelekea kitambaa anakwambia kilikaa sanduku gani na sabuni gani. Na hawa wawili walikuwa hawasemezani miaka na miaka. Wakikutana sokoni, mmoja husoma mawingu.

"Mligombania nini?" nikauliza.

"Utasikia," akasema. "Nikisema mara mbili sitaweza."

Wifi alikuwa barazani kwake, mguu kwenye cherehani, wanawake watatu wanne wamekaa wakisubiri nguo zao. Pembeni ya mlango kulikuwa na pipa la maji lenye mfuniko, na glasi imepinduliwa juu yake, safi, inang'aa kama kitu kisichotumika.

"Hodi hapa," Bi Kikombe akasema.

Cherehani haikusimama. "Hodi ya nani tena? Maana hii sauti mara ya mwisho kuisikia mlangoni kwangu, hawa wateja walikuwa bado wanabebwa mgongoni." Wanawake wakacheka kwa woga. Wifi akainua pua kidogo. "Na huyo mzee uliyekuja naye analala na mbuzi."

"Silali na mbuzi, shemeji," nikasema. "Ni koti."

"Basi koti ndilo linalolala na mbuzi. Kaeni upande wa upepo. Haya, mke wa kaka, umepotea njia?"

Nikamsogelea Bi Kikombe. Nilikuwa tayari kumshika mkono. Hakugeuka.

"Naomba maji ya kunywa," akasema.

Cherehani ikasimama. Wale wanawake wakatazamana, na mimi mgeni nikahisi kuna jambo limepita hewani nisilolijua. Wifi akasimama polepole. Akafunua pipa, akachota, akajaza glasi mpaka juu, akamletea. Bi Kikombe akanywa. Akanywa yote, koo likipanda na kushuka, akarudisha glasi.

"Naomba tena."

Akaletewa tena. Akanywa hiyo nayo mpaka chini. Kisha akawageukia wale wanawake, si wifi yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeuza mkate:

"Siku ile dada huyu alipohamia nyumba hii, watu wakala, wakaugua, mama mkwe wangu akalazwa. Mlisikia ni maji ya pipa hili. Mimi ndiye niliyesema. Maji haya hayakuwa na kitu. Yalikuwa mayai yangu."

Akafuta midomo, akaendelea.

"Nilileta keki. Mayai yalikuwa na kinyesi, nikaona aibu wifi ayaone jikoni kwangu yakiwa vile. Nikayaosha yote siku moja kabla, kwa maji baridi, yakametameta. Nikayafunika yakiwa bado yamelowa, jikoni, kwenye joto. Nikajiona msafi. Kumbe ganda lina utando wake unaozuia uchafu; nikautoa kwa mkono wangu, nikaufungulia uchafu mlango. Ute nikaupiga na sukari, haujapita motoni, nikaupaka juu ya keki. Haukuwa na harufu yoyote. Niliulamba mwenyewe, mtamu. Mama akaula kuliko wote kwa sababu ulikuwa laini na yeye hana meno."

Hapo sauti ikakatika. Akaitafuta, akaipata.

"Daktari aliniuliza keki imepakwa nini. Nikamwambia sukari tu. Akauliza tena. Nikamwambia, labda maji."

Wifi alikuwa bado ameshika glasi. "Mafundi waliokuja kuniezekea hapa," akasema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa, "walikuja na chupa zao za maji. Mtoto wa jirani akitaka kunywa, mama yake anamvuta sikio. Mimi nikasugua lile pipa mpaka vidole vikachubuka. Nikachemsha maji huku nalia, nikijiuliza nimemfanya nini mama yangu."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," Bi Kikombe akakubali.

Mmoja wa wale wanawake, mnene mwenye sauti, akanyanyuka, akachukua glasi mkononi mwa wifi, akaenda pipani akachota, akanywa, akaketi. Mwenzake naye akaenda. Nikaona nami niende, ingawa kiu sikuwa nayo.

Wifi alitutazama tukipanga foleni kwenye pipa lake. Mdomo ulimtetemeka, akauziba kwa maneno, kama desturi yake. "Na hicho kikombe chako," akasema, "wanachokusifia mjini kote, yai moja kikombe kimoja. Ulikianza lini?"

"Mama alipotoka hospitali. Wiki ile ile."

"Ile ile?"

"Na ute mbichi sijapaka tena kwenye kitu. Wala yai sijaliosha likakaa."

Wifi akakaa kwenye kiti cha cherehani, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha sana, lakini kilikuwa kicheko. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unakiri. Ila ulikuwa unaliambia yai."

Nimesikia hotuba nyingi katika safari zangu, misikitini, makanisani, kwenye majukwaa. Sijasikia sentensi iliyompata mtu namna ile. Bi Kikombe akalia, hatimaye, waziwazi, na wifi akamtupia kipande cha kitambaa cha kufutia machozi, kisha akakumbuka ni kitambaa cha mteja.

"Haya, sasa sema kilichokuleta. Usiniambie umeota ndoto."

"Pua yangu imekufa, wifi. Nina wagonjwa wa kuwalisha. Naomba yako."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kweli. Baraza zima lilitikisika. "Bahati yako umeanza na maji," wifi akasema. "Ungeanza na pua, hayo maji ningekumwagia."

Kesho yake alikuja na kiti chake mwenyewe, hakuamini vya pale. Wakakaa dirishani, mmoja anavunja, mwingine ananusa, na ugomvi wao ulikuwa mtamu kuliko keki.

"Hili hapana."

"Lina nini? Mbona kiini kimesimama vizuri?"

"Unaniuliza mimi au unaiuliza pua?"

"Wifi, yai zuri hili."

"Basi kampe koti la mzee."

Likamwagwa. Muuguzi alipofika, alimkuta wifi ameinua kidevu kama askari wa zamu. Akampa mkono, akamshukuru, halafu akamwambia kwa upole kwamba pua hata iwe kali vipi haioni kila kitu. Yai lenye ufa litupwe hata kama halinuki, trei zikae penye ubaridi, na kibakuli kisitoke tanurini kabla hakijaganda. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho. "Hayo niambie mimi," akasema. "Huyu mwenzangu ameshayajua kwa bei kubwa."

Kitoroli kikaondoka kimejaa, kinalia. Mlio ule ule, lakini nilisikia raha.

Kibakuli kimoja kilibaki. Bi Kikombe akakiweka mbele ya wifi yake, na kijiko, akarudi nyuma hatua. Hakumkaribisha kwa mdomo. Watu wote jikoni wakajifanya wana shughuli. Mimi nikapangusa tofali lililokuwa safi tayari. Tangu siku ile ya kuhamia, huyu mwanamke hakuwa ametia kinywani kitu kilichotoka mkono ule.

Wifi akainama, akanusa. Akakitikisa kibakuli kwa kidole. Katikati pakacheza kidogo, kama jicho linalokonyeza.

Akakisukuma. "Rudisha."

Bi Kikombe akawa mweupe kama unga.

"Katikati hapajaiva," wifi akasema. "Nimekusamehe, mke wa kaka. Sikusema nimechoka kuishi."

Nikafungua mlango wa tanuri, tao langu jipya juu yake, nikakiingiza mwenyewe. Tukasubiri wote. Kilipotoka, kilikuwa kimeshika, unaweza kusimamisha kijiko. Wifi akapuliza, akala. Akala taratibu mpaka kijiko kikaanza kukwaruza udongo chini.

"Sukari imepungua," akasema, akakikomba.